Nani Anashika Mizani? Maneno ya Katibu Siku ya Miaka Kumi


Mweka hazina ameshasoma mahesabu, sitarudia. Mimi nina jambo moja tu: namna tunavyopimwa.

Mnaukumbuka mwaka wetu wa nne, walipokuja watu wa tathmini? Walikuja Novemba, mvua zimeanza, kila mtu jembe mkononi. Fomu zao za Kiingereza, kijana mmoja anatutafsiria papo kwa papo. Mama anakalishwa mbele ya mumewe, anaulizwa, "Nyumbani nani anaamua mambo ya fedha?" Jamani, mlitaka ajibu nini? Waliandika mikopo na waliochelewesha. Mfuko wa jamii, ule tunaochangia misiba na wagonjwa kila wiki, wakauita matumizi yasiyo na tija. Ripoti hatukuiona, tuliisikia kwa watu: kikundi dhaifu. Awamu ya pili tukaikosa, na wenzetu watatu wakaacha chama mwaka uleule. Tukasema wameacha kwa sababu ya mtaji wa dagaa.

Lakini na sisi tuseme kweli. Siku ile ya ugeni, kuku waliokuwa bandani walikuwa wa nani? (Kicheko.) Tuliazima! Kideri kilikuwa kimepita, na tuliogopa kuonyesha banda tupu. Mfadhili akifanya tathmini iwe mtihani wa kufaulu na kufeli, watu wataazima kuku. Akitaka ukweli, aseme mapema kwamba mradi ukikwama hatakimbia, bali tutakaa tutafute sababu.

Wazee wetu wa Usukuma walilijua jambo hili. Karibu na mwaka 1950 wakulima wa pamba waliishuku mizani ya wanunuzi. Hawakuishia kunung'unika, waliweka wapimaji wao vituoni. Katika vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likapatikana shirikisho, Victoria Federation of Co-operative Unions. Wale wazee hawakukataa pamba yao ipimwe. Walitaka nao waisome mizani. Hata kwenye Bulabo kule Bujora, Bagika na Bagalu wakichuana kwa ngoma, ushindi unaonekana kwa umati unakoelekea. Sisemi umati haukosei. Ila hakuna anayepimwa mafichoni.

Basi wafadhili, naomba hivi. Fungu la tathmini litengwe tangu siku ya kwanza, na ndani yake iwemo posho ya mwanachama anayehoji, maana mtaalamu wa mjini halipwi kwa shukrani. Maswali tuyatunge pamoja kabla fedha haijaanza kutumika, kwa Kiswahili, na kwa bibi zetu kwa Kisukuma. Mtuulize na sisi maendeleo ni nini. Kwetu, mama kuzikwa kwa heshima bila familia kuuza shamba ni maendeleo. Mama ahojiwe na mama mwenzake, faragha. Ripoti isomwe hapa kwanza, kabla ya kupelekwa juu, ili tuweze kusema, hapa mmekosea.

Na msiishie kwa viongozi. Mimi Katibu nimehojiwa mara tatu. Wale watatu walioacha hawakuulizwa na mtu yeyote, si wafadhili, si sisi.

Mwezi uliopita tumewauliza. Wanachama wawili walipita kwao jioni, bila fomu, na daftari la shule tu. Wawili kweli walikwenda kutafuta mtaji kwingine. Wa tatu alisema mtaji haukuwa tatizo. Alikuwa anamwuguza mama yake, akakosa vikao, na faini zetu za utoro zikamshinda. Aliona aibu kurudi, na sisi hatukwenda kumwona.

Kanuni hiyo ya faini iko kwenye ajenda ya Jumamosi. Mwenzetu huyo tumemwalika, amekubali kuja. Wafadhili mnaotaka kusikiliza, karibuni. Tunaanza saa nane.