Mguu Unaouma Usiku

Maneno ya daktari wa mifupa mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, walimu na wazee wa vijiji, Kakamega

 

Nimeombwa nizungumze juu ya uvimbe wa mifupa ya mguu, hasa chini ya goti. Si ugonjwa wa kila siku. Mhudumu anaweza kutembelea boma zake miaka mingi asiukute hata mara moja, na ndiyo maana siku ukija unatupita mlangoni.

Ulio hatari zaidi kwa vijana ni saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma. Huwapata sana wenye umri wa miaka 10 hadi 20, wakati ule wanarefuka haraka, na hupenda mahali mfupa unapokulia: mwisho wa mfupa wa paja, au kichwa cha muundi, chini kidogo ya goti. Sasa tazameni shida yetu. Kijana wa miaka 15 hapa Kakamega anacheza mpira. Goti likiuma, sababu imeshapatikana kabla mtu hajauliza: aligongwa uwanjani. Anapakwa dawa ya kuchua, ananunuliwa vidonge dukani, maumivu yanapoa, wiki mbili zinapita. Yakirudi anapelekwa kwa mkandaji. Muhula unaisha hivyo. Mpira hausababishi saratani hii. Kugongwa hutufanya tu tuutazame mguu, na mara nyingi tunautazama vibaya.

Basi nawaomba muulize swali moja: usiku inakuwaje? Mguu ulioumizwa na mpira huuma ukikimbia, hutulia ukilala, na kila wiki hupata nafuu. Mguu wenye uvimbe huuma hata mtoto akiwa kitandani, humwamsha, na kila wiki huzidi. Baadaye mtaona sehemu imevimba, ni ngumu, labda ina joto, na mtoto anachechemea. Msingoje akonde. Wengi huletwa wakiwa bado wanakula vizuri na hawana homa, na hiyo ndiyo iliyomdanganya mzazi.

Kuna mambo mawili yanayotuchanganya zaidi sisi wa magharibi. La kwanza ni seli mundu. Mtoto mwenye seli mundu amezoea kuumwa mifupa, nasi tumezoea kumwambia mama yake kwamba ni ule ule. Lakini maumivu ya seli mundu huja na kuondoka, huhama mkono hadi mgongo. Yakikaa mahali pamoja kwa wiki kadhaa na pakavimba, mtoto huyo apigwe picha kama mwingine. La pili ni usaha wa mfupa. Katika picha unaweza kufanana na saratani hata daktari akababaika. Maafisa wa kliniki mlioko hapa, hili ni lenu: tukiufungua mfupa kwa ajili ya usaha, kipande kiende maabara hata kama usaha tumeuona kwa macho.

Hatua ya kwanza haina ghali kubwa. Ni eksirei ya kawaida, ya mbele na ya ubavu, inayoonyesha goti pamoja na muundi. Ikionyesha mfupa ulioliwa, au mfupa mpya unaochomoza nje kama miale, mtoto aje hospitali kuu ya rufaa ya kaunti. Hapo ndipo mipango ya kuchukua kipande cha uvimbe huanza. Nasisitiza mipango. Kipande kichukuliwe na timu itakayofanya upasuaji wenyewe, au kwa maelekezo yao, kwa sababu njia ya sindano huchafuliwa na chembe za ugonjwa na lazima iondolewe pamoja na uvimbe. Chale iliyokatwa ovyo, iwe kijijini au katika kliniki, yaweza kumnyima mtoto nafasi ya kubaki na mguu. Kifua nacho hupigwa skani, maana saratani hii hukimbilia mapafu.

Si kila uvimbe ni saratani. Kuna kinundu cha mfupa kinachokua na mtoto na kusimama naye, kisipouma huachwa. Kuna uvimbe wa watu wazima, wa miaka 20 hadi 40, ulao mfupa karibu na goti bila kuwa saratani. Hukwanguliwa, shimo likajazwa. Huyo mtu akikimbia jibu kwa hofu, amekimbia ugonjwa ambao ungetibika.

Kwa osteosakoma, tiba ni dawa za mshipani kwa miezi kama miwili au mitatu, kisha upasuaji, kisha dawa tena. Familia husikia neno moja tu, kukata, nayo hutoroka wodini. Si kila mguu hukatwa. Pengine huondolewa mfupa mgonjwa peke yake. Lakini mwingine hukatwa, nami sitawaficha. Mnamo 1977 kijana wa Kanada, Terry Fox, mchezaji wa mpira wa kikapu, alivumilia maumivu ya goti mpaka msimu ukaisha. Alikatwa mguu akiwa na miaka 18, akapewa dawa. Aliambiwa nafasi yake ya kuishi ni asilimia 50, na kwamba miaka 2 nyuma, kabla dawa hazijaboreshwa, ingekuwa 15. Mwaka 1980 alikimbia kilomita 5,373 kwa mguu bandia, hadi saratani ilipoonekana mapafuni. Alifariki 1981. Leo, katika nchi zenye matibabu kamili, wagonjwa 6 au 7 kati ya 10 huishi miaka 5 na zaidi, ikiwa mapafu bado ni safi walipoanza. Mapafu yakishaguswa, ni 2 au 3. Tofauti hiyo ndiyo ile miezi ya kuchua.

Wakandaji msiwagombeze. Wao huuona mguu kabla yangu, na mkandaji mmoja anayesema "huu si wangu" ananisaidia kuliko mabango kumi. Waambieni mfupa wenye uvimbe ni dhaifu, ukikandwa unaweza kuvunjika.

Kuhusu gharama, dawa mara nyingi hufuatwa Eldoret, katika hospitali ya Moi, na nauli ya kupitia Webuye kila baada ya wiki chache huwavunja watu moyo kuliko ugonjwa. Bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Jamaa asajiliwe na alipe mchango sasa, si siku ya kulazwa.

Mkiandika rufaa, andikeni tarehe maumivu yalipoanza, kama yanamwamsha usiku, na kama mguu umekandwa au kuchanjwa. Msiandike "jeraha la mpira". Na baada ya siku saba pitieni pale bomani muulize kama picha imepigwa.