Programu Huria na Ubunifu: Hotuba Mbele ya Baraza la Madiwani



Husemwa kwamba programu huria huua ubunifu: nani atajitaabisha kubuni kitu ambacho wengine watakichukua bure? Mfano wa karibu unakanusha dai hilo. Takwimu za MTUHA zinazokusanywa katika zahanati kila mwezi huingizwa katika mfumo wa kielektroniki uitwao DHIS2. Chimbuko lake ni Afrika Kusini, baada ya uchaguzi wa 1994. Leo unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameuongezea vipengele vinavyolingana na mahitaji ya nchi, pasipo kununua idhini.

Hata hivyo, leseni ya bure haimlipi mtaalamu mshahara. Halmashauri isiyo na mtu awezaye kuusoma msimbo hubaki mtumiaji tu, sawa na aliyenunua programu iliyofungwa. Tena mnunuzi huyo angalau ana wa kumpigia simu. Hapo ndipo ubunifu unapokwama. Kwa hiyo kinachoombwa katika bajeti ya TEHAMA si kompyuta zaidi, bali ajira ya mwandishi mmoja wa programu, pamoja na fedha za kumwendeleza kimasomo.