Freni za nyuma za gari yetu
(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama)

Wengi wenu mulipanda gari yetu mukirudi kutoka Masisi kuja Walikale na mafurushi yenu. Munakumbuka ule mteremko: shofere alikanyaga freni mara tatu ndipo zikashika. Tuliogopa kweli.

Kosa halikuwa lake. Gari ni ya zamani: ferodo za nyuma zikilika, nafasi kati yao na tamburi inaongezeka, mutu lazima alale chini akaze kale kanyota kwa turnevisi. Na matope yetu haya, nani atafanya vile kila wiki?

Sasa tumeweka vyuma vya kujikaza vyenyewe, tulivitoa kwenye gari ya aina ile ile iliyokufa. Ukirudi nyuma ukikanyaga freni, kachuma kanasukuma kanyota jino moja. Kwanza fundi alichanganya skurubu ya kushoto na ya kuume, kumbe zinazunguka kinyume. Freni zikazidi kulegea! Tukafungua upya.

Tope bado inaingia. Tamburi zitafunguliwa na kusafishwa kila mwezi, na pesa ya kazi hiyo haiko bado kwenye bajeti.