Ukisikia "Would", Usikimbilie "Ninge-"

(Mazungumzo na wakalimani wa kujitolea, Lodwar)

Ndugu wapendwa wa Lodwar, nanyi mliotoka Kakuma, poleni na safari. Ni kilomita 120 hivi, na jua letu mnalijua.

Leo tuzungumze juu ya jambo dogo: mtu akikubali kusaidia kwa Kiingereza, sisi tunampelekeaje mwenye shida jibu hilo? Tangu kambi ya Kakuma ianze mwaka 1992, na zaidi tangu makazi ya Kalobeyei mwaka 2016, neno hapa linaweza kupita midomo mitatu: Kiingereza, Kiswahili, kisha Kiturkana, Kisomali, Kidinka au Kiarabu. Likipinda kwa mdomo wa kwanza, linafika limepinda.

Chukueni mfano. Mama ana mtoto mwenye homa, anaomba barua ya kwenda hospitali kubwa huku Lodwar. Mgeni wa ofisini anajibu, "I would be glad to help." Mkalimani anasema, "Ningefurahi kukusaidia." Neno kwa neno ni sawa, si ndiyo? Lakini mama anangoja "lakini". Masikioni mwake "ningefurahi" ni kukataa kwa adabu: ningefurahi, ila siwezi. Basi anashukuru, anamfunga mtoto mgongoni, anaenda zake. Mgeni ameshika kalamu, anashangaa. Kumbe ile "would" ilikuwa heshima tu! Semeni, "Nitafurahi kukusaidia", ama kwa ufupi, "Niko tayari, mama."

Ila ngojeni sentensi iishe. Kuna wakati husemwa, "I'd be glad to, but..." Hapo sasa "ningefurahi, lakini" ndiyo yenyewe, na mama apewe sababu yote, isifupishwe.

"I don't mind" ni mtego mwingine. Mzee anaomba kubebewa mtungi wa maji, kijana anajibu hivyo. Ukimwambia mzee, "Ati hajali", umewagombanisha bure. Maana yake ni "haina neno". Furaha haimo nyingi ndani yake, nanyi msiiongeze. "I am willing" vilevile: huyo yuko radhi, kazi ataifanya, lakini hajasema anaifurahia. Wenye moyo mkunjufu husema "glad" ama "happy".

Upande wa pili pia kuna kazi. Mtu wetu akisema "nitajaribu", huenda amekubali, huenda ameona haya kukataa mbele ya mgeni. Mkalimani akisema "I will try", mgeni atasikia shaka. Akisema "Gladly", huenda anaahidi kitu ambacho hakikuahidiwa. Hapo tusikisie. Muulizeni kwa upole, "Ndugu, utakuja ama kuna shida?" Halafu ndipo mfasiri.

Baada ya chai tutakaa watatu watatu. Mmoja ataomba, wa pili atajibu kwa Kiingereza, wa tatu atafasiri. Aliyeomba ndiye atakayetuambia kama amesikia ndiyo ama hapana.