Uchaguzi wa Mfumo Endeshi wa Kompyuta za Bodi Moja katika Mazingira ya Atlabara, Juba

Kompyuta ya bodi moja ni kompyuta kamili ambayo prosesa, kumbukumbu na milango yake ya kuunganishia vifaa vimewekwa pamoja juu ya kibao kinachoenea kiganjani, na kwa kawaida haina diski ya ndani. Mfumo endeshi wake, yaani programu mama inayosimamia vifaa vyote na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, huandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu kama ile ya simu. Inayojulikana zaidi ni Raspberry Pi, iliyoingia sokoni nchini Uingereza Februari 2012, na kwa kuwa bei yake ni nafuu na umeme inaotumia ni kidogo, hufikiriwa mara moja panapotajwa chumba cha kusomea shuleni, kanisani au katika kituo cha vijana mtaani kama Atlabara. Tatizo ni kwamba suala la mfumo endeshi huachwa hadi bodi zimekwisha kununuliwa, kisha huamuliwa kwa kuangalia mfumo upi una sura ya kupendeza. Mada hii ya semina inashikilia kwamba kwa Juba yanayopaswa kuamua ni mambo mengine kabisa: umeme unaokatika, saa isiyojitunza, joto, na miaka ambayo mfumo utaendelea kupata marekebisho.

La umeme ndilo zito kuliko yote. Kituo cha dizeli cha megawati 33 kilichozinduliwa Juba Novemba 2019 kilifikisha umeme wa gridi katika sehemu ya mji, lakini jenereta na sola bado zinategemewa sana, na zote mbili huzimika bila taarifa, mafuta yakiisha au betri ikishuka. Kadi ya kumbukumbu haistahimili hali hiyo. Ili kubadilisha baiti chache tu, kidhibiti kilichomo ndani ya kadi hulazimika kuhamisha fungu kubwa la data, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, huweza kuharibika si faili lililokuwa likiandikwa peke yake bali hata mafaili mengine ya fungu hilohilo, ambayo pengine ni sehemu ya mfumo endeshi wenyewe. Mpangilio wa mafaili uitwao ext4, unaotumiwa na aina nyingi za Linux, huweka daftari la mabadiliko linaloweza kuusaidia kujirekebisha baada ya kuzimika ghafla, ila daftari hilo halina uwezo wa kutibu kosa lililotokea ndani ya kadi. Bodi iliyofanya kazi vizuri jana leo haiwaki, na mwalimu asiye fundi hana la kufanya.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kutafutwa ni uwezo wa mfumo kufanya kazi bila kuiandikia kadi. Raspberry Pi OS, mfumo uliojengwa juu ya Debian, mojawapo ya aina za Linux, na ulioitwa Raspbian hadi mwaka 2020, una nafasi ndani ya chombo chake cha mipangilio, raspi-config, ya kuifunga kadi isomwe tu, ambapo kila badiliko huwekwa katika RAM, yaani kumbukumbu ya muda, na kufutika bodi inapozimwa. Alpine Linux huenda mbali zaidi kwa kupakia mfumo wote katika RAM tangu mwanzo. Hata hivyo unatumia maktaba ya msingi tofauti na ya Debian, hivyo programu nyingi zilizokwisha kutengenezwa kwa ajili ya Debian hazikubali kufanya kazi humo, na kwa chumba kisicho na fundi wa kudumu hiyo ni gharama kubwa mno. Kufunga kadi nako kuna sharti lake: kazi za wanafunzi lazima zihifadhiwe kwenye diski ya pembeni. Programu ya masomo ya Kolibri, kwa mfano, hutunza maendeleo ya kila mwanafunzi katika folda ya mtumiaji, na folda hiyo isipohamishwa kabla ya kadi kufungwa, umeme ukikatika mara moja tu alama za darasa zima za siku ile zinapotea.

Hapo ndipo suala la saa linapoingia, na wengi hulisahau. Bodi za Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5 la mwaka 2023 hazina saa ya ndani yenye kuendelea kutembea umeme ukizimwa. Hupata saa kutoka intaneti, na intaneti ikikosekana, mfumo hurejea kwenye saa ya mwisho uliyoihifadhi kwenye kadi. Kadi ikiwa imefungwa, hakuna kinachohifadhiwa, na bodi huamka kila asubuhi ikiwa na tarehe ileile ya siku ilipofungwa. Tarehe ikiachana na ukweli kwa miezi au miaka, vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa na kumbukumbu za masomo huvurugika. Kifaa kidogo cha saa chenye betri ya kidonge, kama DS3231, huondoa tatizo hilo, mradi mfumo endeshi uliochaguliwa unakitambua. Raspberry Pi OS hukitambua kwa kuongezewa mstari mmoja katika faili la mipangilio.

Saa ya Juba ina historia yake pia. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, kutoka saa tatu mbele ya saa ya kimataifa hadi saa mbili, na orodha ya majira ya dunia inayotumiwa na kompyuta ilirekebishwa siku chache tu kabla. Mfumo uliopakuliwa mwaka 2019 na kutunzwa kwenye flashi bila kusasishwa haujui badiliko hilo: Atlabara ikiwa saa nne asubuhi, bodi itasema saa tano. Mfano huu mdogo unaonyesha waziwazi kwamba mfumo usio na watu wa kuutunza huanza kusema uongo taratibu. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, imeahidiwa matunzo hadi Juni 2028, na matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hupewa miaka mitano. Lakini mifumo inayotolewa na watengenezaji wa baadhi ya bodi za bei rahisi mara nyingi hubaki na kerneli, yaani kiini cha mfumo, kilekile cha siku ya kwanza. Kwa bodi kama Orange Pi na Banana Pi, kimbilio bora ni Armbian, ambayo watu wa kujitolea huijenga juu ya Debian na Ubuntu, baada ya kuhakikisha kwamba bodi husika imo kwenye orodha yao.

Joto nalo halina mzaha. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45, na prosesa ya Raspberry Pi huanza kupunguza kasi yake yenyewe inapofikia nyuzi 80. Bodi inayotumika kama seva, yaani inayogawa vitabu na masomo kwa simu za wanafunzi kupitia Wi-Fi, haihitaji dawati la picha kwenye skrini, kwa hiyo toleo la Lite la Raspberry Pi OS, lisilo na dawati, huipunguzia kazi na joto, na pia bando, kwa kuwa ukubwa wake wa kupakua ni takriban nusu gigabaiti ilhali toleo lenye programu zote hukaribia gigabaiti tatu.

Wanunuzi wa bodi zilizotumika wajue kwamba Raspberry Pi ya kwanza na Zero ya awali zina prosesa ya kizazi cha ARMv6, ambayo Ubuntu na Debian ya kawaida ya armhf, yaani ya prosesa za ARM za biti 32, haziikubali. Raspbian ilijengwa upya kwa ajili yake, na ni toleo la biti 32 la Raspberry Pi OS linalozifaa. Aidha, matoleo ya Raspberry Pi OS ya kabla ya Aprili 2022 huja na jina na nywila zinazojulikana duniani kote, hivyo nakala ya zamani inayopitishwa mkono kwa mkono isitumike kabla ya kubadilisha nywila hiyo.

Kwa vyumba vya Atlabara, basi, chaguo linalofaa ni Raspberry Pi OS Lite, kadi ikiwa imefungwa, saa yenye betri ikiwa imeunganishwa na kazi za wanafunzi zikiwa kwenye diski ya pembeni. Dawati liwekwe pale tu ambapo mwanafunzi atakaa mbele ya skrini. Washiriki wa semina hii wanaombwa wakubaliane juu ya mfumo huo mmoja kabla ya bodi yoyote kununuliwa, waupakue mara moja, wauhakiki kwa alama yake ya SHA256, yaani namba inayothibitisha kwamba faili halikuharibika, na kila chumba kiwe na kadi moja ya akiba iliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa.