MAMBA MDOGO ANA MAMA YAKE
(Mazungumzo na wanakisomo wa kando ya mto)



Leo tuzungumze juu ya mamba. Siyo yule mkubwa ambaye kila mtu humkimbia, bali yule mdogo, mwenye urefu kama rula ya darasani. Tunamwona kwenye matete tukienda kuteka maji, nasi husema, "Aa, huyu mdogo, hana neno." Watoto wetu humtupia mawe, au humkamata wakamchezea. Jamani, hapo ndipo tunapokosea.

Ni kweli wako mamba wa aina ndogo. Hao wanaishi katika misitu ya Kongo na ya Afrika ya Magharibi. Hata wakikomaa hawafiki urefu wa meta 2. Lakini mamba wa mito na maziwa yetu hapa Tanzania ni wa aina kubwa. Kwa hiyo tukimwona mdogo, tujue huyo ni mtoto.

Mama yake hutaga wakati wa kiangazi. Huchimba shimo mchangani, hutaga mayai 40 mpaka 60 hivi, kisha huyafukia. Kwa muda wa miezi 3 hivi haendi mbali, wala hali vya kutosha. Akiondoka, kenge huja kuyafukua na kuyala.

Siku ikifika, watoto hulia wakiwa bado ndani ya mayai. Mama akisikia hufukua mchanga, akawabeba kinywani mpaka majini. Mtu akiona hudhani anawala. Sivyo, anawabeba kama paka abebavyo watoto wake. Huko majini watoto hula wadudu na vyura, na mama huendelea kuwalinda kwa majuma mengi. Mtoto akishikwa hulia, na mama huja kwa kasi.

Basi, tukimwona mamba mdogo tufanye hivi:

1. Tusimguse, tuondoke pale.
2. Tuwakataze watoto kuoga na kucheza mahali hapo.
3. Tuteke maji mahali pengine penye uwazi, kwa ndoo yenye kamba au mti mrefu.
4. Tusitupe matumbo ya samaki bandarini.
5. Tumwarifu mwenyekiti wa kijiji, naye amwite ofisa wa wanyamapori.

Tujadiliane darasani: Je, bandari yetu ya kutekea maji ina matete? Nani atayafyeka, na lini?