Majina ya wahanga si ya kila mutu mwenye kiungo

Maneno yaliyosemwa mbele ya kamarade wa Kisangani



Sikukuja kuwafundisha informatiki. Nimekuja kueleza kosa letu sisi wenyewe, na mimi ni wa kwanza, juu ni mimi nilifungua ile faili.

Munajua historia. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dolari milioni 325, yaani milioni 65 kila mwaka kwa miaka 5. Milioni 225 kati yake ni juu ya watu: waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa, waliokimbia. Vita vyetu vya siku sita, toka tarehe 5 mupaka 10 Juni 2000, viko ndani. Na toka ile hukumu, hapa Boyoma neno "listi" limebadilika uzito. Jina likiwa ndani, kuko tumaini. Likitoka, mama muzee anarudi nyumbani mikono mitupu.

Sisi tukasema tusaidie wazee wa mitaa yetu kujiandikisha vizuri. Tukafungua faili moja mu intaneti: jina, avenyu, namba ya simu, nani alikufa, jeraha gani, makaratasi ya hospitali iko kwa nani. Vijana walizunguka na toleka muchana, jioni wanajaza kwa simu. Koneksio inasumbua, na kuongeza anwani ya kila mutu moja moja ilinichosha. Basi nikaweka kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kuandika, nikatupa kile kiungo mu grupu ya WhatsApp. Kikatoka pale kikaenda grupu ya pili, ya tatu, sijui ya ngapi.

Siku moja mama wa komini Tshopo akanipigia simu. "Mutoto wangu, ule kijana wenu aliyeomba dolari 20 ili jina langu lipande juu, nimutumie kwa namba gani?"

Hatukumutuma mutu. Lakini huyo kijana alijua jina la mama, alijua jina la mutoto wake aliyeuawa na bomu, alijua hata ni mukono gani wa mama uliumia. Alisoma wapi? Kwetu.

Tukafungua historia ya mabadiliko ya faili, juu kila badiliko linabaki pale na saa yake. Mistari ilikuwa imefutwa. Mingine iliongezwa, majina ambayo hakuna jirani anayajua. Na nani alifanya? Ukiachia kiungo wazi hivyo, mutu anaingia bila konti yake, na historia inaonyesha tu kwamba ni mutu asiyejulikana. Tulirudisha faili ya zamani, ndiyo. Namba za simu za wale wamama, hizo hatuwezi kuzirudisha. Zimeshatoka.

Tulipofunga mulango, kamarade wengine walikasirika. "Sisi tunapigana serikali iweke kila kitu wazi, sasa sisi tunaficha?" Hili swali si la kijinga, na nililala nalo siku nyingi. Jibu langu ni hili: hesabu ya makuta ya watu iwe wazi kwa kila mutu, lakini jina la mwanamuke aliyebakwa mwaka 2000 si hesabu ya makuta. Hata sheria yetu ya digitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mutu binafsi. Leo hivi tuko na faili mbili. Ya kwanza kila mutu anaisoma: watu wangapi kwa komini, wangapi wamejibiwa, hakuna jina hata moja. Ya pili ni ya majina, na imefungwa.

Kwenye simu zenu imeandikwa kwa Kifaransa: lecteur, commentateur, éditeur. Wa kusoma, wa kutoa maoni, wa kuandika. Wanaoandika mu faili ya majina ni watu watatu, kila moja na anwani yake. Wanaozunguka mitaani wanaleta daftari, wale watatu wanajaza. Ni polepole, najua. Na muchunge: anayeandika anaweza pia kumugawia mwingine ruhusa, mupaka mwenye faili amukataze mu mipangilio. Wa kusoma naye anaweza kuipakua yote kwa simu yake kama hamujazuia.

Mutego mwingine ni dosiye. Ukiweka faili ndani ya dosiye ambayo umeshagawia watu, wote wanaipata bila wewe kuwaambia. Picha za mikutano na listi ya wahanga tuliziweka fasi moja. Nani aliona hatari? Hakuna.

Na kuko wale wanaotuacha. Kamarade anaenda Kinshasa, anapata kazi mu kabine ya muheshimiwa fulani, tunamupongeza, tunakunywa, lakini ufunguo anabaki nao. Sasa kila mwisho wa mwezi tunasoma majina ya wenye ruhusa kwa sauti, mu mukutano, na anayeondoka anatolewa siku ileile. Bila chuki.

Munaniuliza kwa nini nakazana hivi. Kule La Haye Kongo iliomba zaidi ya dolari miliari 11. Ilipata milioni 325, na Mahakama ilisema ushahidi ulioletwa haukutosha. Faili ambayo kila mupita njia ameandika ndani, nani atakubali kuiita ushahidi?

Yule mama hakutoa zile dolari 20. Alikuja mwenyewe, tukasoma mustari wake pamoja. Ule mutu aliyeingia alibadilisha umri wa mutoto, tukausahihisha. Mistari mingine inabaki, na Jumamosi tunaanza na komini Tshopo, nyumba kwa nyumba, na daftari.